Mimi ni Wengi

Zamani sote tuliingia kwa jina moja: karani.
Neno la siri lilibandikwa chini ya mizani
kwa wino wa buluu. Jasho la mikono
lilikwishafuta tarakimu ya mwisho,
lakini nani asiyeijua?

Msimu ule Wete ilinuka karafuu hadi ndani ya foronya.
Magunia saba yakapotea kwenye hesabu.
Nikafungua kumbukumbu za seva, mstari kwa mstari:
karani kaingia, karani kafuta, karani katoka.
Nikawauliza watu wanane, mmoja mmoja: nani?
Wakajibu, wala hakuna aliyesema uongo:
"Karani."

Basi nikaandika sheria.
Mimi, Mkasi binti Ngwali, chumba cha nyuma cha kituo,
feni moja, betri ya kuazima:
jina lianze kwa herufi,
herufi ndogo tupu,
zisizidi kumi na mbili,
pasiwe na nafasi, wala ritifaa
(hapo Msanifu wa Ng'ambwa akanuna siku mbili,
kwani yeye bila ya kwao si mtu),
na jina likishatumika, halitumiki tena. Abadani.

Hiyo ya mwisho niliiandika mbiombio, chai ikipoa.
Nilisahau kuwa niko Pemba.

Hapa mjukuu hupewa jina la babu
kama anavyorithishwa shamba, kwa mipaka ileile.
Hamad Omar Hamad. Omar Hamad Omar.
Asubuhi ya kwanza walinijia Hamad watatu.
Mmoja akapita. Wawili seva ikawaambia:
jina limeshachukuliwa.
"Limechukuliwa na nani?" akafoka wa pili.
"Ninalo tangu siku yangu ya saba!"

Na neno la siri sikuliamini tena.
Nikaitoa seva kwenye daftari lake la kuzaliwa nalo,
nikaandika mlango wangu mwenyewe:
kila anayebisha, msimbo wangu uende kwanza
kwenye orodha ya zamu. Yumo leo? Hayumo likizoni?
Kisha ndiyo siri iulizwe.
Sikubuni kitu. Niliiga mlango wa bibi yangu, Limbani.
"Hodi!"
"Nani?"
"Mimi."
"Mimi ni wengi. Wewe mimi wa nani?"
Hata ukimtajia, hakuondoa komeo
mpaka umwambie jana ulimletea nini.

Faki akafa Mfungo Mosi, wa mapafu.
Nikamfungia jina lake, sikulifuta.
Misimu kumi na miwili ya stakabadhi ina saini ile:
faki, faki, faki.

Mwaka uliofuata akaajiriwa kijana,
kashika kalamu sikioni kama marehemu.
Faki Shaame Faki.
Akaandika herufi nne, akabonyeza.
Nyekundu.
Hakufoka. Alinitazama tu.

Ningeweza kumpa. Mstari mmoja wa amri,
na mwenye sheria ni mimi.
Lakini makosa ya mzee yangekuwa yake,
na kilo za kijana zingemwingia maiti kaburini.
"Andika fakishaame," nikamwambia. "Zinatosha."
Akaandika. Ikawa kijani.

"Na babu?"
"Yupo. Haingii, hatoki,
lakini kila alichopima bado ni chake."
Akaomba kuona. Nikamfungulia mstari wowote, wa Ijumaa moja:
kilo arubaini na moja, faki.

Akausoma, midomo ikicheza.
"Hizi zilikuja na umande," akasema.
"Mizani ilisoma arubaini na tatu. Alikata mbili,
mwenye mali akamtukana mpaka sokoni.
Usiku ule hakula."

Magunia saba hayajaonekana hadi leo.
Nami nilikaa mbele ya kioo, vidole juu ya vitufe,
nikitafuta safu ya kuyaweka aliyoyasema.
Haikuwepo.
Nikampa ufunguo wa ghala.